Jipu kwenye jino lisilotoboka: dalili na vyanzo vyake pale fosfeti inapopotea mwilini

Malalamiko huja kwa maneno yanayofanana sana. "Daktari, jino halina tundu, mbona linatoa usaha?" "Mwaka jana tuling'oa mawili, sasa la tatu." "Nampigisha mswaki asubuhi na usiku, pipi hali." Mara nyingi anayesema ni mama, na mara nyingi ameshaambiwa mahali fulani kwamba hamtunzi mtoto wake kinywa. Mtoto mwenyewe amesimama pembeni na miguu ya matege, na hakuna aliyeuliza habari za miguu kwa kuwa safari ilikuwa ya jino.

Nawaandikia wazazi wa namna hiyo, na wenzangu wa kliniki za meno wanaowapokea. Ugonjwa ninaouzungumzia ni upungufu wa fosfeti wa kurithi, ambao kwenye barua za hospitali huandikwa XLH. Si ugonjwa wa kawaida: hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 20,000. Lakini aliye nao hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya mmoja wao kuunganisha jino na mguu.

Simama hapa kwanza

Mpeleke mgonjwa hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane, ikiwa uvimbe umepanda hadi jicho linafunga, au umeshuka chini ya taya na kuingia shingoni. Ikiwa hawezi kumeza mate, anapumua kwa shida, mdomo haufunguki, sauti imebadilika, au ana homa kali na amelegea. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa.

Usitumbue jipu kwa sindano wala wembe. Usikande shavu kwa kitambaa cha moto. Usiweke maji ya betri, mafuta ya taa, ugoro au kidonge cha aspirini kwenye ufizi. Nimeona fizi zilizoungua kwa vitu hivi, na maumivu ya jino yakiwa palepale. Ikiwa hakuna dalili ya hatari, parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa anayeweza kusukutua na kutema, vinatosha mpaka afike kliniki.

Jino limejengwaje hapa

Bila kulielewa hili, mengine yote yataonekana kama bahati mbaya. Jino lina ganda gumu la nje, enameli, ambalo kwa uzito ni madini kwa takriban asilimia 96. Chini yake kuna dentini, yenye madini takriban asilimia 70. Katikati kuna sehemu laini yenye mishipa ya damu na neva, nitaiita moyo wa jino. Madini hayo ni kalsiamu na fosfeti zikiwa zimefungamana.

Kwenye XLH kuna kasoro katika jeni iitwayo PHEX, iliyotambuliwa mwaka 1995. Kasoro hiyo huifanya mifupa kutoa kwa wingi homoni ya FGF23. Homoni hii huziamuru figo kuachia fosfeti itoke na mkojo, na papo hapo huzuia vitamini D isigeuzwe kuwa ile inayofanya kazi. Kwa hiyo mtoto anaweza kula vizuri na kuota jua kila siku, fosfeti ikawa inavuja kama maji kwenye mtungi wenye ufa.

Dentini hukomaa kwa vijitufe vya madini vinavyokua hadi kushikana. Fosfeti ikipungua, vijitufe havishikani, na kati yake hubaki nafasi. Fikiria ukuta wa mawe ambao fundi aliyapanga mawe akasahau chokaa. Zaidi ya hapo, moyo wa jino hubaki mpana, na pembe zake hupanda hadi karibu kugusa enameli. Enameli kwa nje huweza kuonekana nzuri kabisa, lakini ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho. Bakteria hupita kwenye ufa, hutambaa ndani ya dentini yenye mapengo, hufika kwenye moyo wa jino na kuuua. Ndiyo maana usaha hutangulia na tundu halionekani kamwe.

Dalili: ufizi umevimba au unatoa usaha, jino ni zima

Vyanzo, kuanzia kinachoonekana zaidi kwa watoto wote:

1. Tundu lililojificha kati ya magego mawili. Hiki bado ndicho chanzo cha kwanza, na haifai kurukia ugonjwa adimu kabla ya kukiondoa. Pitisha uzi wa meno kati ya magego. Ukinasa au ukachanika, pana shaka. Eksirei ndogo ya magego itamaliza ubishi.

2. Jino liliwahi kugongwa. Jino la mbele lililogeuka kijivu baada ya mtoto kuanguka ni jino lililokufa, hata kama ajali ilitokea miezi mingi iliyopita na watu wakaisahau.

3. Jino limesagika. Kwa mtoto anayesaga meno usingizini, ncha ya enameli huisha. Kwa mwenye dentini ya kawaida hilo halina shida kubwa. Kwa mwenye XLH, hapo ndipo mlango unapofunguka.

4. XLH yenyewe.

Namba nne hupanda kuwa namba moja ukiona mambo haya: meno yaliyopata jipu ni zaidi ya moja, ni meno ya mbele au chonge, ambayo kwa mtoto anayepigishwa mswaki hayatarajiwi kuoza ovyo, mtoto ana umri wa chini ya miaka mitano, au katika ukoo kuna mtu mwenye matege, mfupi kuliko ndugu zake, aliyepoteza meno akiwa kijana.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Msimamishe mtoto pekupeku, vifundo vya miguu vigusane, kisha tazama magoti yanaachana kiasi gani. Matege kidogo kabla ya miaka miwili ni kawaida. Yakiongezeka baada ya hapo si kawaida. Mwache atembee: anayumba kama bata? Linganisha urefu wake na wenzake wa rika. Halafu uliza habari za ukoo, na uliza vizuri. Ukisema "kuna ugonjwa wa mifupa kwenu?" utajibiwa hapana. Uliza, "bibi alikuwa na miguu ya namna gani?" Hapo ndipo hadithi hutoka.

Uchunguzi wa pili ni eksirei ya jino. Tazama moyo wa jino uliopanuka na pembe zilizopanda juu, mizizi mifupi, na ule mstari mweupe unaozunguka mzizi ukiwa umefifia au haupo. Ukiona hivyo kwenye meno ambayo hata hayaumi, usimruhusu mtoto aondoke na karatasi ya amoksilini, dawa ya kuua bakteria, peke yake.

Dawa hiyo hushusha uvimbe kwa siku chache, lakini haifufui moyo wa jino wala haizibi njia. Usaha lazima upewe pa kutokea. Jino la utoto mara nyingi hung'olewa, na daktari hufikiria namna ya kulinda nafasi yake ili la ukubwani lisije likaota upande. Jino la ukubwani hutibiwa mzizi. Kwa wenzangu: kwenye meno haya msichonge kwa kina mlichozoea. Pembe ya moyo wa jino iko karibu kuliko mkono wenu unavyotarajia.

Neno moja kuhusu wachanga. Bado kuna watu wanaopasua fizi za watoto wachanga na kuchimbua vichipukizi vya meno, wakisema ni "meno ya plastiki" au "nailoni" yanayoleta homa na kuharisha. Hakuna ugonjwa huo. Uvimbe wanaouona ni chonge inayojiandaa kuota. Kuichimbua kumeharibu meno ya ukubwani ya watoto wengi, na wapo waliokufa kwa kutoka damu na maambukizi. Ufizi wa mchanga ukikutia wasiwasi, mpeleke kliniki.

Dalili: majibu ya damu yanasema "kawaida", lakini miguu na meno vinasema vingine

Sehemu hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo familia hupoteza miaka.

Chanzo cha kwanza ni kusoma majibu ya mtoto kwa viwango vya mtu mzima. Kwa mtu mzima fosfeti ya damu huwa takriban kati ya 0.8 na 1.5 milimoli kwa lita. Mtoto mdogo anahitaji zaidi, kwa kawaida juu ya 1.2. Mtoto wa miaka miwili mwenye 0.9 ana upungufu wa wazi, lakini karatasi iliyochapwa viwango vya wakubwa itasema yuko sawa. Angalia safu ya viwango, uliza maabara ni vya umri gani.

Chanzo cha pili: fosfeti haikupimwa kabisa. Wamepima kalsiamu, ambayo kwenye XLH kwa kawaida huwa sawa, basi wakafunga faili.

Cha tatu ni kupima mapema mno. Katika miezi ya kwanza ya uhai fosfeti inaweza kuwa bado haijashuka, kwa hiyo mtoto wa mzazi mwenye XLH hupimwa tena na tena hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri.

Omba vipimwe pamoja: fosfeti, kalsiamu, alkalini fosfatesi (kimeng'enya kinachohusika na ujenzi wa mifupa), vitamini D, homoni ya paratiroidi (tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu) na utendaji wa figo. Mkojo uchukuliwe wakati mmoja na damu ili ijulikane figo zinapoteza fosfeti kiasi gani. Fosfeti ikiwa chini, alkalini fosfatesi juu, na mkojo ukawa unapoteza fosfeti, mpe mtoto rufaa kwa daktari bingwa wa watoto wa homoni au wa figo. Kipimo cha jeni huthibitisha, lakini matibabu hayasubiri kipimo hicho.

Hapa pia ndipo matege ya lishe hutenganishwa na haya. Mtoto aliyekosa vitamini D au kalsiamu huonyesha nafuu akipewa dozi sahihi. Eksirei ya mifupa huanza kubadilika ndani ya miezi michache. Aliyepewa vitamini D ya kawaida ipasavyo na miguu ikabaki vilevile, anahitaji kupimwa fosfeti. Daktari Fuller Albright na wenzake wa Boston, Marekani, waliyaandika matege ya aina hii yasiyosikia vitamini D tangu mwaka 1937. Kwa hiyo usikubali kuongezewa dozi juu ya dozi bila kipimo.

Dalili: jino la utoto limedondoka mapema, bila maumivu, mzizi wake mzima

Mtoto hajafika miaka minne au mitano, jino la mbele limetoka lenyewe kwenye embe au mkate. Mzizi uko wote, mrefu.

Chanzo cha kawaida ni kuanguka au kugongwa. Lakini kama hakuna ajali, usiliweke kwenye kapu la XLH. Kuna ugonjwa mwingine wenye jina linalokaribiana, hipofosfatesia, ambao kasoro yake iko kwenye jeni ya ALPL. Huko fosfeti haipungui. Kinachopungua ni kimeng'enya cha alkalini fosfatesi, na tabaka linaloushikamanisha mzizi na taya halijengeki, hivyo jino huponyoka. Kwenye XLH alkalini fosfatesi hupanda. Kwenye hipofosfatesia hushuka. Na mtego ni uleule: kiwango cha chini kwa mtoto kinaweza kuonekana "kawaida" kwa mtu mzima.

Acha hapo, usimpe vitamini D wala kalsiamu kwa kubahatisha. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa kalsiamu ya damu tayari iko juu. Funga jino kwenye kitambaa safi, liende nawe kwa daktari. Mzizi ule ni ushahidi, na dawa ya kuongezea kimeng'enya hicho imeshaidhinishwa katika nchi kadhaa tangu 2015.

Dalili: madoa, mistari au vishimo kwenye meno

XLH kwa kawaida haiweki madoa. Ukiwa umekulia Arusha, miteremko ya Meru au kwingine katika Bonde la Ufa, na meno yako yana mistari myeupe au ya kahawia pande zote mbili sawasawa, chanzo cha kwanza ni floridi iliyozidi kwenye maji, na kwa walaji wa vyakula vilivyopikwa kwa magadi, magadi nayo huongeza. Vishimo na mifereji kwenye enameli huweza kutokana na ugonjwa mkali wa utotoni au matege ya lishe. Meno haya huhitaji huduma, lakini hayaleti usaha bila kutoboka.

Dalili: jino limezibwa, kizibo kimebanduka, au linauma tena

Tazama kwanza mambo ya kawaida: kizibo kiliwekwa juu ya unyevu, au kinagongana na jino la juu. Kama fundi ni mzuri na kizibo kimebanduka mara ya pili, dentini yenyewe inaweza kuwa haishiki gundi. Gego lililoharibika sana huvishwa kofia ya chuma badala ya kuzibwa tena. Matibabu ya mzizi nayo hufuatiliwa kwa eksirei, kwa sababu mifereji ni mipana na usaha unaweza kurudi kimyakimya.

Bora kutangulia. Gego likishaota tu, na kukawa na uwezekano wa kulikausha, mifereji yake ipakwe utando wa plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa taa. Ipakwe hata kwenye magego ya utoto. Utando huo huisha, kwa hiyo ukaguliwe na kurudiwa katika kila ziara, na ziara iwe angalau kila miezi sita.

Meno kuchelewa kuota nako huripotiwa. Kama eksirei inaonyesha yamo, subirini.

Dalili: anatumia dawa ya fosfeti, na majipu hayakomi

Mzazi hufika amevunjika moyo, na swali lake ni la haki. Sababu kubwa ni kwamba meno yanayopata majipu yalijengwa kabla dawa haijaanza. Mfupa hujivunja na kujijenga maisha yote, hivyo dawa ikija hata leo mfupa hufaidika. Dentini ikishajengwa, imejengwa. Meno ya utoto huanza kupata madini mimba ikiwa na takriban miezi minne, na vichwa vyake vyote hukamilika mtoto akikaribia mwaka mmoja. Gego la kwanza la ukubwani huanza wakati wa kuzaliwa. Vichwa vya karibu meno yote ya ukubwani, ukitoa magego ya mwisho, hukamilika kufikia miaka minane hivi. Dawa iliyoanza akiwa na miaka mitatu haiwezi kuyaokoa meno ya utoto, lakini inayajenga yale yaliyo bado ndani ya taya. Ndiyo sababu ya kutoiacha.

Sababu ya pili ni dozi. Fosfeti ya kunywa hupanda na kushuka ndani ya saa chache, kwa hiyo watoto hugawiwa mara kadhaa kwa siku. Anayepewa asubuhi na usiku tu kwa sababu ya shule hapati matibabu aliyoandikiwa. Zungumza na mwalimu wa darasa. Usiichanganye na maziwa: kalsiamu ya maziwa huishika fosfeti tumboni isiingie mwilini. Kama dawa ni ya maji yenye sukari, asukutue baada ya kunywa. Tumbo likisokota au akiharisha, mwambie daktari agawe upya dozi.

Usiongeze dozi mwenyewe ukidhani meno yatapona upesi. Fosfeti na vitamini D hai (ile iliyokwisha geuzwa ifanye kazi, ambayo huandikwa pamoja na fosfeti) zikizidi huweka chokaa kwenye figo na kuichokoza paratiroidi; ndiyo maana ya vipimo vya mara kwa mara na picha ya figo.

Tangu 2018 kuna pia burosumabu, sindano inayoidhibiti FGF23 yenyewe, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani. Watoto huchomwa kila baada ya wiki mbili. Bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi za kwetu. Anayeipata haitumii pamoja na fosfeti ya kunywa na vitamini D hai.

Dalili: mtu mzima, fizi zinarudi nyuma na meno yanalegea

Chanzo cha kwanza ni ugaga na uchafu, kama kwa mtu yeyote. Asafishwe meno kliniki. Wavutaji wa sigara na wenye kisukari wako hatarini zaidi. Lakini mwenye XLH hupata ugonjwa wa fizi kwa urahisi zaidi, kwa kuwa tabaka la juu ya mzizi na mfupa wa taya navyo havikupata madini ya kutosha. Kabla ya kukubali meno ya kupandikiza kwenye taya, muulize daktari wa homoni kama matibabu yako yanahitaji kuanza upya. Vipandikizi kwenye taya isiyotibiwa hushindwa mara nyingi zaidi.

Mtu mzima huyu pia anaweza kuwa mzazi. Baba mwenye XLH huwarithisha binti zake wote, na hakuna mwana wa kiume anayeirithi kwake. Mama mwenye XLH ana uwezekano wa nusu kwa kila mtoto, wa kike au wa kiume. Wapo pia wanaozaliwa nayo bila mzazi yeyote kuwa nayo, hivyo kukosa historia ya ukoo hakufungi mjadala. Kama ni wewe, peleka mtoto akapimwe ndani ya wiki za mwanzo, arudiwe baada ya miezi michache, na daktari wa meno amwone jino la kwanza likichomoza.